Sauti ya Baba Ilipokuwa Nzito

Wiki iliyopita saa yetu ya ukutani ilisimama, nikapanda juu ya kigoda kuishusha nibadilishe betri. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta betri imevuja, imetoa unga mweupe uliogandia kwenye springi, na harufu yake ikanipanda puani, kali, yenye chumvi na kutu, kama ulimi uliolamba msumari. Mwanangu aliyekuwa amenishikia kigoda akaniuliza mbona nimesimama tu. Nikamwambia nimekumbuka jambo la zamani. Akatikisa kichwa, akarudisha vitu vyake masikioni, akaenda zake, nikabaki na jambo langu.

Mliokua wakati mmoja nami mnakumbuka jinsi vitu vilivyoanza kurudi madukani. Sisi tulizaliwa tukakuta rafu tupu na mama zetu wakigawana mche mmoja wa sabuni kwa kuukata na uzi. Kisha, kama vile mtu amesukuma mlango uliokuwa umekwama, pale Kibiti barabarani kukajaa mitumba, ndala za rangi, mafuta ya kujipaka yanayonukia maua, redio za kila umbo. Watu wazima walisema hiyo ndiyo biashara huria. Mimi nilidhani Huria ni jina la mtu, tajiri fulani anayekuja na malori, na kwa muda mrefu nilitamani nimwone.

Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho na ufuta. Watu wetu walitoka vilima vya kusini, Umatumbini, na habari za maji makubwa kwetu zilikuwa za kusimuliwa tu. Baba mwenyewe hakujua kuogelea. Lakini wafanyabiashara wa kamba walipoanza kushuka delta, kule mto unakogawanyika kuingia baharini, na masanduku ya barafu, alipata kazi kwenye kambi moja ng'ambo ya Nyamisati. Kazi yake ilikuwa kupokea kamba kutoka kwa wavuvi, kuwapima na kuwafukia kwenye barafu wasiharibike. Akawa anakaa huko muda mrefu, anarudi nyumbani mara moja moja akinuka matope ya mikoko, harufu ambayo mama aliisugua kwa sabuni na ndimu na bado ikabaki kwenye kola za mashati.

Katika safari moja ya Dar es Salaam, alikotumwa na tajiri wake, baba alirudi na kitu kidogo alichokivingirisha ndani ya shati. Kilikuwa cheusi, kinaenea kiganjani, chenye kidirisha cha kuonea kaseti ikizunguka na klipu ya kuning'iniza kiunoni. Hedifoni zake zilikuwa na utepe mwembamba wa chuma unaopita juu ya kichwa, na kila upande sponji ya rangi ya chungwa. Tuliiita wokmani. Hakuinunua kwa ajili yake mwenyewe. Kule kambini msimamizi wao alikuwa na redio kubwa ya kaseti inayorekodi, na baba, ambaye kalamu ilimtoa jasho kuliko jembe, alikuwa amepanga kwamba atazungumza kwenye kaseti, aitume kwa lori la barafu, na sisi nyumbani tumsikilize.

Kaseti ya kwanza ilipofika tulikaa barazani wote, mama, bibi yangu mzaa baba, mimi, na mdogo wangu ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Mama akavaa hedifoni. Akabonyeza kitufe. Nasi tukakaa tukimtazama usoni, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Alitabasamu, akakunja uso, akacheka peke yake, akafuta jicho kwa ncha ya kanga. Bibi akauliza anasemaje, mama hakumsikia. Akauliza tena, kwa sauti. Mama akainua mkono kumwomba angoje. Sijapata kuona mtu mzima akimngojesha bibi vile, na nadhani bibi naye hakuwa amepata kuona.

Tangu nimekuwa mkubwa nimesikia watu wakibishana kama vyombo hivi vya kusikiliza peke yako vina faida au hasara. Kwetu ubishi huo uliingia nyumbani siku ile ile. Jirani yetu, Mama Siwatu, alikuja na kigoda chake mwenyewe jioni, kama sisi tulivyokuwa tukienda kwake kusikiliza redio. Alipoona kwamba kinachosikika kinasikika na mtu mmoja, alikaa kidogo, akaondoka, akasema bila ubaya kwamba nyumba yetu sasa imejifunza kula mlango umefungwa. Siku nyingine mama alikuwa akisonga ugali huku amevaa, mdogo wangu akatambaa mpaka karibu na kisima akilia, na aliyemkimbilia ni bibi. Bibi hakugomba. Alimweka mtoto mapajani mwa mama, akamwondolea sponji moja sikioni kwa vidole viwili kama anayetoa kupe, akamwambia: "Mwanangu mmoja yuko majini. Weye nawe usinipotelee ukiwa hapa hapa."

Lakini siwezi kuisema vibaya tu. Kabla ya wokmani mama alikuwa mtu wa kuangalia barabara. Baada ya kuipata, alifagia, akatwanga, akapalilia mihogo huku baba amening'inia kiunoni. Ile kaseti ilikuwa ya taarabu kabla baba hajarekodi juu yake, kwa hiyo maneno ya baba yalipokwisha, wimbo uliibuka katikati ya ubeti, fidla zikilia na mwanamke akiimba kwa sauti nyembamba iliyopanda juu kabisa. Mama aliimba pamoja naye kwa nguvu, bila kujua anavyosikika, na sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Sponji zile zilishika mafuta ya nazi ya nywele zake. Nilipopewa zamu yangu, kabla ya kusikia sauti yoyote nilisikia harufu ya mama.

Kisha ndipo akaja baba. Hakuja masikioni, alikuja katikati ya kichwa, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwazia mambo yangu. Baba alikuwa na sauti nyepesi, ya haraka, ya mtu anayeogopa atakatizwa. Alimsalimu bibi kwa heshima zote, akamsalimu mama, kisha akasema: "Zai, mwanangu, hujambo? Huku kuna kaa wakubwa kama sahani. Mmoja kaninyang'anya kiatu. Msaidie bibi yako kuchota maji, na usome. Nakuja." Nilijibu sijambo, nikajibu na yale mengine, moja moja.

Sikuwa mjinga wa kudhani kwamba baba amekaa mle ndani. Nilijua yuko mbali. Nilichoamini ni kitu kingine, na kwa akili ya mtoto wa umri wangu kilikuwa na mantiki. Redio ya Mama Siwatu ukiifungua, mtu yuko huko anasoma habari wakati ule ule, ndivyo tulivyoambiwa. Basi na baba vivyo hivyo. Nikibonyeza kitufe, yeye huko kambini anaanza kusema. Kwamba maneno yalikuwa yale yale kila siku hakukunishangaza. Watu wazima wanasalimiana kwa maneno yale yale kila siku na hakuna anayeshangaa. Na mama, bila kujua, alinipigilia imani hiyo. Nilipozidi kusikiliza alinivua hedifoni, akasema: "Mwache baba yako apumzike, utamchosha." Alikuwa akitunza betri. Lakini betri nilizozijua mimi ni zile kubwa za tochi, ambazo zikichoka tulizianika juani juu ya bati. Sikuwazia hata kidogo kwamba kitu chembamba vile kina betri ndani. Nilielewa alichosema kama kilivyosemwa, kwamba nikimrudisha sana baba mwanzo, atachoka.

Masika ya mwaka ule yalikuja na maji mengi. Barabara ya Nyamisati ikawa matope, lori la barafu likaacha kupita, na kaseti mpya hazikuja. Mama alikuwa amekwenda Chumbi na mdogo wangu kumsaidia mama yake katika shamba la mpunga, akaniacha na bibi kwa sababu ya shule. Alipotaka kurudi mto ukawa umejaa, na kivuko cha Ndundu kikawa hakivushi watu. Tulipata salamu kwamba wazima, wanangoja maji yapungue. Tukabaki wawili nyumbani, bibi na mimi, mvua ikipiga bati, na wokmani ikining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mama.

Nikawa naisikiliza kila nikitoka shule. Bibi aliniona na hakunikataza. Nadhani alijua kwamba nyumba ilikuwa kubwa mno kwangu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuivaa. Alisema mwanawe atamsikia akija.

Sikumbuki siku ilipoanza. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimelala chali, mguu juu ya mguu, nikimsikiliza baba, nikahisi kwamba leo anasema polepole. "Huku kuna kaa wakubwa" ilichukua muda kufika mwisho. Kesho yake ilikuwa hivyo zaidi, na sauti yake nyepesi ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikakumbuka maneno ya mama. Nimemchosha. Nikavua hedifoni haraka, nikaitundika, nikakaa siku mbili tatu bila kuigusa, nikichunga kama anayechunga mgonjwa. Nilipoijaribu tena, baba alikuwa na nafuu. Sauti ilikuwa imepanda kidogo. Mnaojua betri mnajua kwa nini, lakini mimi nilipata uthibitisho kamili. Baba akipumzika anapata nafuu. Kwa hiyo alikuwa mgonjwa.

Nafuu ile haikudumu hata kufika kwenye kiatu chake na kaa. Siku hizo hizo mtaani watu walikuwa wanazungumzia ugonjwa wa kuhara na kutapika ulioingia delta na mvua, na walinyamaza watoto tulipopita. Nilisikia vya kutosha. Nikaacha kusikiliza ili baba apate usingizi, nikashindwa kuacha, nikasikiliza kidogo tu, nikaacha. Sauti ikazidi kuzama. Jina langu lenyewe, Zai, likawa refu, kama mtu anayelivuta kutoka chini ya kisima. Na siku moja baba alipomaliza kuzungumza, yule mwanamke wa taarabu hakuwapo. Mahali pake palikuwa na mwanamume mwenye sauti nene ya kutisha, akiomboleza polepole, na nyuma yake kitu kikikwaruza kama mlango mzito. Nilikuwa nimeshakwenda na bibi kwenye misiba. Nilijua nyumba inavyokuwa wanaume wanapokusanyika. Nikavua hedifoni, nikamfuata bibi jikoni, nikamwambia baba anakufa.

Bibi alikuwa akipembua mchele. Aliniuliza nimeisikia wapi habari hiyo, nami nikamweleza yote, kwamba nimemchosha, kwamba alipata nafuu, kwamba sasa watu wamekusanyika. Sikulia, nilikuwa nimeogopa kupita kulia. Akafuta mikono, akasema nimpe. Nikamvika. Ilibidi asogeze ushungi wake nyuma, na masikio yake yakaonekana, madogo, yenye matundu makubwa ya vipuli alivyovaa ujanani. Nikabonyeza kitufe.

Alisikiliza akiwa ameangalia ungo. Sijui alisikia nini hasa, maana mimi nilikuwa nje. Niliona tu midomo yake ikianza kusema kitu na kuacha. Niliona shingo yake ikinyooka. Kisha gurudumu la kaseti kwenye kidirisha, ambalo lilikuwa likizunguka kwa shida, likasimama. Bibi aliendelea kukaa vile vile akingoja. Akangoja sana. Mwishowe akanitazama, akauliza: "Mbona kanyamaza?"

Bibi hakwenda kwa jirani yeyote. Angekwenda hata kwa Mama Siwatu tu, tungepewa jibu kabla mchele haujaiva. Lakini bibi alikuwa mtu wa haya katika mambo mazito. Hakutaka neno la kifo cha mwanawe litembee mtaani kabla yeye hajaliona kwa macho. Alfajiri alimwachia Mama Siwatu ufunguo, akasema tunakwenda kumtazama baba Zai, basi. Alivaa kanga mbili, akachukua birika la udhu na mkate wa kumimina uliobaki, nami nikachukua wokmani nikaiweka kifuani ndani ya gauni. Nilidhani ikipata joto huenda likamfikia.

Tulitembea mpaka nyumba za mtaani zilipoishia, tukangoja, na trekta moja lililokuwa likipeleka chumvi na unga Nyamisati likatubeba kwenye tela, juu ya magunia. Safari ile ilikuwa ya kuzama na kutoka. Kila trekta lilipokwama, vijana waliruka wakakata matawi na kuyatupa chini ya magurudumu, na bibi alikaa juu ya gunia, shanga za tasbihi zikipita vidoleni. Nilimuuliza kama baba anaumwa sana. Akasema hajui. Nikamuuliza kama ni mimi. Hapo akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza bei ya nazi: miye bibi yako nimezaa watoto na nimewazika baadhi, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kuzungumza na mwanawe. Sikusadiki sana, lakini nilimsogelea nikamwegemea.

Nyamisati ilinuka kamba waliokauka, moshi na matope. Bibi akauliza kambi ya barafu iko wapi, wakamwonyesha kwa mkono kule kwenye mikoko, wakasema mtumbwi hauwezi kwenda mpaka maji yajae. Akauliza habari ya ugonjwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika uduvi akasema ndiyo, umewapata baadhi, na mmoja wa watu wa kambini yuko zahanati, mtu wa huko huko kwenu, upande wa Kibiti. Bibi akashukuru. Alipogeuka kuanza kutembea nilimshika mkono.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja na veranda. Mhudumu alitwambia tunawe mikono kwa maji yenye dawa kabla ya kuingia. Ndani palikuwa na vitanda vichache, na kwenye kitanda cha pembeni mtu alikuwa amelala akielekea ukutani, amejifunika shuka ya bluu yenye mistari. Baba alikuwa na shuka ya bluu yenye mistari. Bibi akasimama mlangoni. Nilihisi mkono wake ukinibana mpaka vidole vyangu vikauma, na wala sikutaka mtu yule ageuke, maana maadamu amelala vile bado kuna mambo mawili na mojawapo ni jema.

Mhudumu akamgusa bega. Akageuka. Alikuwa kijana tusiyemjua, mwenye macho yaliyoingia ndani na midomo iliyopasuka.

"Alhamdulillahi," bibi akasema, kwa nguvu. Kisha akafunika mdomo kwa ushungi, kwa sababu aliyelala pale naye alikuwa mtoto wa mtu. Aliona haya. Nilimwona akitafuta namna ya kuifuta ile shukrani, na namna aliyoipata ilikuwa kukaa kando ya kitanda, kuchukua kikombe cha maji ya chumvi na sukari alichokuwa amewekewa, na kumnywesha kijiko baada ya kijiko, akimwita mwanangu. Kijana alikuwa wa Bungu, upande huo huo wa Kibiti. Alipopata nguvu za kusema, bibi akamtajia jina la baba.

Kijana akajaribu kucheka. "Yule mwenye maneno mengi? Ndiye aliyenileta juzi kwa mtumbwi. Njia nzima anazungumza tu ili nisilale. Leo maji yakijaa atakuja kunitazama, kaahidi."

Tukaenda kungoja bandarini. Bibi aliswali adhuhuri hapo hapo, juu ya kanga yake ya pili. Maji yalianza kuingia taratibu, yakifunika matope na mizizi ya mikoko iliyosimama kama vidole. Mitumbwi mingine ikaja, ikashusha makapu, ikaondoka. Nami nilikuwa sijapoa. Kijana alisema juzi. Kati ya juzi na leo kaseti ilikuwa imesimama, na mimi nilikuwa nimeisikia ikisimama. Watu wazima waliridhika upesi mno.

Kisha nikasikia sauti ya baba.

Kwanza nikashika kifua. Wokmani ilikuwa pale, imenyamaza, na hedifoni zilikuwa zimeviringishwa ndani ya kanga ya bibi. Sauti ilitoka nje, kwenye hewa, nyuma ya kona ya mikoko ambako mto mdogo unapinda, na ilikuwa nyepesi, ya haraka, ikibishana na mtu juu ya namna ya kushika pondo la kusukumia mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa bado hauonekani. Niliangalia watu bandarini, mwanamke wa uduvi, vijana wa trekta, nikaona nao wamegeuza vichwa upande ule. Wote walikuwa wanamsikia. Hapo ndipo nilipolia.

Mtumbwi ukatokea, na baba yumo katikati, ameshika kingo kwa mikono miwili kama kawaida ya mtu asiyejua kuogelea, mwembamba, mweusi kwa jua, na kiatu kimoja tu mguuni. Alipotuona alinyamaza. Ndiyo mara pekee siku ile. Akashuka kwenye maji ya magoti, akaja mbio akianguka na kuinuka, akauliza kuna nini nyumbani, nani kafa. Bibi akamwambia hakuna aliyekufa. Akauliza tena, mama Zai? Mtoto? Akaambiwa wazima, wako Chumbi. Ilichukua muda kumwelewesha kwamba aliyekuwa amekufa ni yeye.

Alipoelewa, alikaa chini kwenye mchanga. Akaniita, akaniomba ile wokmani, nikaitoa kifuani ikiwa na joto langu. Akageuza upande wa nyuma, akasukuma kijifuniko nisichokuwa nimekiona maisha yangu yote, na betri mbili nyembamba zikamwangukia kiganjani, zimetoa unga mweupe, zinanuka. Akanieleza. Betri zikiisha, injini inazunguka polepole, na kila sauti iliyo kwenye utepe wa kaseti inakuwa nzito. Maneno yale ya kwenye kaseti aliyasema mara moja tu, siku ya mvua ya kwanza, akatoka akaenda kupima kamba. Hajayasema tena.

"Hata nikibonyeza?" nikauliza.

"Hata ukibonyeza. Miye huku nimelala, au nakula, au nakimbizwa na kaa."

"Basi hukuchoka?"

Baba akafungua mdomo kucheka, akaniangalia vizuri, akaacha. Akaniweka mapajani ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kupakatwa. Akasema hajachoka hata kidogo. Sijui kama naweza kueleza kilichonitoka mwilini wakati ule. Nilikuwa nimebeba uhai wa mtu kwa muda wa siku zile zote, kwa kidole kimoja, na sasa nikaambiwa kidole changu hakina nguvu hiyo. Tangu hapo nimepata furaha nyingi, nyingine kubwa, lakini sidhani kama nimepata tena wepesi wa namna ile.

Bibi aliyasikiliza maelezo ya betri mpaka mwisho akiwa anakung'uta mchanga kwenye kanga. Baba akamuuliza, kwa upole, kama naye aliamini maneno ya mtoto. Bibi akafikiri.

"Kuamini sikuamini," akasema. "Lakini nilikusikia ukikatika. Ningekaa?"

Baba akamshika miguu mama yake, iliyojaa matope ya safari, akaanza kuiosha kwa maji ya birika.

Kambi ilikuwa imesimamisha kazi kwa sababu barafu haikuja, kwa hiyo tulilala Nyamisati kwa watu aliowajua, na asubuhi, baada ya kupita zahanati na kumkuta kijana wa Bungu amekaa anakunywa uji, tukapanda tela lile lile kurudi Kibiti, sote watatu. Kulikuwa na jua. Baba alikaa juu ya makapu akazungumza tangu tulipoondoka. Alisimulia habari ya msimamizi anayeogopa popo, habari ya boko aliyetoka majini akalala mlangoni mwa ghala, akaulizia mihogo, akaulizia korosho, akajijibu mwenyewe. Trekta lilipokwama alishuka akasukuma huku anazungumza, akarudi juu akaendelea alipoishia. Bibi alivumilia mpaka karibu nusu ya njia, kisha akamwambia anyamaze kidogo, masikio ya watu yapumzike.

Hakunyamaza. Mimi nilikuwa nimelaza kichwa mapajani mwa bibi, jua likinipiga miguuni, na maneno ya baba yakawa yananipita juu, mengine nikiyashika, mengine yakienda zake porini. Aliniita mara moja kuniuliza kitu, bibi akamwambia kalala. Nilikuwa bado sijalala. Lakini baba alikuwa pale, na nikaona sina haja ya kusikiliza, nikafumba macho.